Askari wa Jeconia na Kompyuta za Shemeji

Pale mtaani Kongo, Kawangware, jijini Nairobi, Jeconia Oluoch akija kwako hutasikia hodi. Utasikia swali. Kichwa kitapenya kwenye pazia miguu ikiwa bado nje, na kichwa hicho kitasema, "Mko na bisibisi ya nyota?" Habari ya asubuhi ataikumbuka akiwa amefika kwenye mtaro, bisibisi mkononi, na hapo atageuka akupungie.

Majirani walishamzoea. Wengine wanamwita Mahojiano, tena mbele yake, naye huitika.

Siku alipokwenda kwa Mzee Simeon, mwenye ploti, kutafuta chumba, neno lake la kwanza lilikuwa, "Stima hapa hupotea mara ngapi kwa wiki?" Mzee Simeon alikuwa akimkatia ng'ombe wake majani. Akainua uso, akatazama nyuma ya Jeconia kuona kama kuna mtu mzima aliyekuja naye.

"Kijana, kwani wewe ni nani?"

"Mpangaji wako," Jeconia akasema.

Mzee Simeon husimulia mpaka leo kwamba alimpa chumba ili tu aone mambo hayo yataishia wapi. Na Risper, ambaye sasa ni mke wa Jeconia, alipatikana kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa kwenye kibanda chake cha kushona, anapunguza sketi ya shule, kivuli kikamwangukia na sauti ikauliza, "Wewe una mtu?" Jina la mwenye sauti lilikuja baadaye sana. Risper anasema alicheka mpaka akakosa nguvu za kukataa.

Mtu asidhani Jeconia ana dharau. Hana hata punje. Ni kwamba swali humjaa mdomoni kama maji ya kusukutua, na salamu inakosa mahali pa kupita. Na kwa kazi aliyojichagulia, maswali yalimfaa. Alikuja Nairobi kutoka upande wa Kendu Bay bila kujua hata kuwasha kompyuta. Akapata kazi ya kufagia kwenye saiba moja, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, akawa anauliza. Hii ni nini? Ukibonyeza hapa? Na mbona imezima? Wateja walimjibu ili anyamaze, na kabla ya miaka mingi kupita Jeconia alikuwa anatengeneza kompyuta za watu, na baadaye akaanza kuandika programu zake mwenyewe, ndogo ndogo, za duka la dawa na kinu cha unga. Hakuna aliyemfundisha. Ndiyo maana anazipenda programu zake vibaya. Ukimwambia mojawapo ina kasoro, atakutazama kama umemwambia mtoto wake ana masikio makubwa.

Sasa, huko Riruta, ng'ambo kidogo ya Kawangware, kuna mama anaitwa Waceke. Ardhi ni ya babu yake, nyumba ya ghorofa ni yake, na pale chini palipokuwa na duka la vifaa vya ujenzi amefungua chuo cha kompyuta. Alipohitaji mashine alimwuliza Jeconia, fundi wake, anunue wapi. Jeconia hakufikiri mara mbili. Ndugu yake Risper, Billy Oyoo, anauza kompyuta za mtumba kule Kibera, Soweto East. Billy akaleta mashine, akazipanga, akazifuta vumbi moja moja kwa shati lake mwenyewe. Waceke alifurahi, Billy alifurahi, na Risper akampikia mumewe kuku katikati ya wiki.

Kisha wenye mtihani, wale ambao chuo kinatumia karatasi zao, wakatuma ujumbe kwamba watakuja kukagua. Kila mashine ya mtihani lazima iwe na Windows toleo la kumi au zaidi.

"Fundi, niangalilie," Waceke alisema. "Kama kuna moja ya zamani, nataka kujua kabla yao."

Mtu mwingine angekaa mbele ya kila mashine, abonyeze mahali pawili, asome imeandikwa ngapi, aende nyumbani. Lakini Jeconia hakuwa mtu wa kuangalia kitu kinachoonekana. Alikwenda kuandika programu. Akaiita Askari. Kazi yake ilikuwa moja tu. Ukiifungua, inaiuliza kompyuta kutoka ndani, "Wewe ni Windows gani?" na jibu inalipaka kwenye kioo kwa herufi kubwa nyekundu.

Aliijaribu nyumbani kwenye laptop yake kuukuu. Askari akasema: Windows 7. Akaazima ya jirani. Askari akasema: Windows 8. Zote kweli. Akamwita Risper aje aone.

"Inasema saba," Risper akasema, sindano ikiwa mdomoni.

"Umeona!"

"Si hata ukiiwasha inajiandika saba?"

"Hiyo ni ya nje, Mama Adhis. Huyu ameuliza ndani."

"Na ndani ukasema itajibu ngapi?"

Jeconia alimwonea huruma mke wake kwa kutoelewa mambo makubwa.

Siku ya kuangalia mashine za Waceke, wanafunzi walikuwa wamejaa darasani, na Jeconia hakuona sababu ya kuwatoa. Kusema kweli alitaka watu. Akafungua Askari kwenye mashine ya kwanza. Windows 8. Akakunja uso. Ya pili, Windows 8. Akaenda ya nyuma kabisa, karibu na dirisha. Windows 8. Kila alipopita, herufi nyekundu zilibaki nyuma yake zikisema nane, nane, nane, darasa zima.

Waceke akavaa miwani. Akainama kwenye mashine moja, akabonyeza pale ambapo kila mtu hubonyeza. "Lakini Fundi, hapa imeandikwa kumi. Hata mimi naisoma."

"Madam, hiyo ni rangi."

"Rangi?"

"Si unaona gari limegonga, limenyooshwa, limepigwa rangi, linang'aa kuliko jipya? Hizi ni nane zimevalishwa nguo ya kumi. Ukiuliza nje, inakwambia kumi. Askari ameuliza ndani." Sauti ilikuwa imeanza kumpanda, kwa sababu wanafunzi walikuwa wameacha kuongea. "Billy ametuuzia rangi!"

Hapo ndipo alipoharibu. Maana mwanafunzi mmoja, Yvonne, tayari alikuwa ameinua simu akirekodi, na maneno hayo yalitoka Riruta yakafika Kibera kabla Jeconia hajafunga begi.

Waceke alivua miwani taratibu. Yeye si mtu wa kelele. "Ngai," akasema. "Na alikunywa chai yangu." Akasema Jumamosi mashine zote zinapakiwa kwenye mkokoteni na kurudishwa kwa mwenyewe, mchana kweupe. Na wenye ploti wote wanaokaa naye kwenye chama cha kuweka akiba, wenye shule na maofisi na maduka, atawaambia wasinunue hata waya kwa Billy Oyoo.

Jeconia alifika nyumbani akakuta chai mezani. Haikuwa na maziwa. Haikuwa na sukari pia. Kusema ukweli ilikuwa maji ya moto yaliyopitishwa karibu na majani.

"Baba Adhis," Risper akasema. Alikuwa ameketi amenyooka, simu mapajani. "Ndugu yangu ni mwizi?"

"Mimi sikusema mwizi."

"Ulisema nini?"

"Nilisema rangi. Na si mimi, ni programu imesema."

"Hiyo programu ilizaliwa na nani?"

Jeconia akapiga funda la ile chai.

"Billy amekaa miaka akijenga jina pale Soweto," Risper akasema. "Amevunjiwa kibanda, akaanza tena. Hana duka la vioo, hana bango. Ana jina tu. Mkokoteni ukipita na hizo mashine Jumamosi, nani atanunua kwake? Na mimi nikienda nyumbani Desemba nitamwambia mama nini, kwamba bwana yangu ndiye alipiga mbiu?"

"Kama ni kweli lakini, Mama Adhis..."

"Ulimwuliza?"

"Nani?"

"Billy! Ulimpigia simu ukamwuliza, Billy, hizi mashine ziko aje?"

Jeconia alitafuta simu mfukoni. Mtu huyu, ambaye aliwahi kumwuliza mchungaji katikati ya ubatizo kama maji hubadilishwa, ambaye humwuliza mtoto mchanga anataka nini, alikuwa amesahau kuuliza swali moja lililohitajika. Akampigia Billy papo hapo. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, ikakatwa.

"Nenda kwake," Risper akasema, akakichukua kikombe kikiwa bado na chai.

Asubuhi Jeconia akachomekea shati, akabeba begi la laptop, akaenda Soweto East. Hakuwa amefika kwa Billy tangu kile kibanda cha zamani, kwa sababu siku hizi Billy ndiye aliyekuwa akija Kawangware. Alijua kuna duka jipya, mahali fulani nyuma ya zile nyumba za ghorofa zilizojengwa na serikali. Alitembea huku na huku akaona saluni, akaona kinyozi, akaona mahali pa kuchaji simu, kompyuta hakuona. Mwisho akafika kwenye ukuta ambapo mzee mmoja, Kavoi, anauza maji. Mitungi ilikuwa imepangwa foleni, Kavoi ameukalia mmoja, anachagua mahindi ya githeri kwenye sufuria.

"Billy yuko wapi?" Jeconia akauliza.

Kavoi hakuinua macho. "Billy gani?"

"Wa kompyuta."

"Aaa. Huyo wa kompyuta." Akatupa jiwe dogo lililokuwa kwenye mahindi. "Huyo alikuwa na kibanda hapo chini, karibu na daraja la mbao."

Jeconia akaondoka haraka. Daraja la mbao halikuwepo tena, na pale palipokuwa na kibanda pana ukuta wa choo. Akamkuta mama anakaanga viazi karai. "Billy wa kompyuta anakaa wapi?" Mama akamwangalia viatu, akaangalia begi, akageuza viazi. "Alikuwa akikaa nyumba ya Mama Jael, kabla haijabomolewa." Jeconia akauliza ilikuwa upande gani. Akaonyeshwa barabara. Barabara yenyewe, lami, magari yanapita juu ya palipokuwa na nyumba. Kijana mmoja aliyeegemea pikipiki akamwambia, bila hata kuulizwa vizuri, kwamba Billy alikuwa akirekebisha redio kwenye gereji moja, zamani hizo, kabla ya kompyuta.

Kadiri alivyouliza, ndivyo Billy alivyozidi kuwa mdogo. Jeconia alihisi akiuliza mtu mmoja zaidi ataelekezwa shule ya chekechea.

Alirudi kwa Kavoi akiwa ametota jasho, na alipokuwa anasimama tu pale ukutani, akasikia kicheko. Kicheko hicho anakijua. Ni cha Billy, kinaanza kwa kukohoa. Kilikuwa kinatoka nyuma ya ukuta huo huo, mlango wa kijani, hatua chache kutoka kwenye sufuria ya mahindi.

"Mzee!" Jeconia akasema. "Umeniambia hayuko!"

"Mimi? Lini?" Kavoi akamtazama sasa, kwa mara ya kwanza. "Nimekwambia alikuwa na kibanda hapo chini. Kwani ni uongo?"

"Si uongo, lakini..."

"Basi."

"Kwa nini hukuniambia yuko hapa?"

"Buda, wewe ni nani?" Kavoi akaweka sufuria chini. "Umekuja umechomekea. Umebeba begi. Hujasalimia, hujasema sasa, hujasema mambo, unataja jina la mtu. Hapa wanaouliza namna hiyo ni karao wa kituoni na watu wa mnada. Mtu kama huyo ukimwambia hatumjui Billy, atakasirika alete vurugu. Ukimwonyesha Billy mwenyewe, ndiyo vurugu zaidi. Kwa hivyo tunampa Billy wa zamani. Anaenda na Billy wake wa zamani, ameridhika, na sisi tumebaki na amani."

"Na yule mama wa viazi?"

"Yule anampa wa zamani zaidi. Kila mtu na wake." Kavoi akacheka kidogo. "Ungesema tu, mimi ni shemeji yake, najua alihamia huku nyuma, sijui mlango. Ningekupeleka mpaka ndani nikakuvutia kiti."

Jeconia alibaki amesimama, mkono ukiwa kwenye ukuta. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Kavoi akafikiri ni jua, akampa kikombe cha maji.

Kumbe alichokuwa anakisema kimya kimya ni hiki: kompyuta imenipa ya zamani. Imeniona mgeni, ikanipa ya zamani.

Akakaa kwenye mtungi, akatoa simu, akaenda kwenye kurasa za wale wanaotengeneza Windows, zile wanazowaandikia watu wa programu. Alikuwa hajazisoma tangu aanze kuandika Askari. Kwa nini azisome, na programu ni yake? Sasa akasoma, pole pole, kwa Kiingereza kile kigumu, na kila mstari ulikuwa kama kofi la upole.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Zamani programu nyingi zilikuwa zinauliza swali lile la Askari, na zikisikia namba zisizozijua zinashtuka na kukataa kufanya kazi, hata kama hakuna shida yoyote. Watu wakawa wanaweka Windows mpya na vitu vyao vya kila siku vinagoma. Basi wenye Windows wakaifundisha busara. Programu ikija kuuliza, Windows inaangalia kwanza: huyu amejitambulisha? Programu hutakiwa kubeba maelezo mafupi yanayosema, mimi nimetengenezwa nikiijua Windows fulani na fulani. Ikisema inaijua kumi, inaambiwa kumi. Isiposema kitu, haiambiwi kumi hata iulize kwa kupiga magoti. Inapewa nane, iende kwa amani. Na kwenye mashine ambazo ni saba au nane kweli, jibu linatoka sahihi, ndiyo maana kule nyumbani Askari alionekana ana akili.

Askari hakuwa amebeba maelezo yoyote. Aliingia tu, kichwa kwenye pazia.

Mlango wa kijani ukafunguka. Billy alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, na nyuma yake wateja wawili wananyoosha shingo. Uso ulikuwa umekaza, ingawa pembe za mdomo zilikuwa zinamsaliti.

"Karibu, Bwana Rangi."

"Shemeji..."

"Nimekusikia tangu mwanzo. Nilikuwa nangoja uulizie kaburi langu."

"Shemeji, nimekosea."

"Hilo najua. Ingia unionyeshe umekosea wapi, maana grupu zote za WhatsApp za hapa sasa zinasema mimi napaka mashine rangi. Jana mtu ameniuliza kama nina bluu."

Ndani palikuwa na kompyuta mpaka darini. Jeconia akaketi, akafungua laptop yake, akamwandikia Askari yale maelezo: huyu anaijua saba, anaijua nane, anaijua kumi. Akaiunda programu upya, akaiweka kwenye mashine ya Billy iliyokuwa mezani. Herufi nyekundu zikaja: Windows 10.

Billy akazisoma akiwa amesimama. Akajikuna shavu. "Sasa imesema kumi kwa sababu umeiambia iseme kumi?"

"Hapana! Nimeiambia tu ijitambulishe."

"Mimi sijui hayo. Jana ulikuwa na uhakika hivyo hivyo. Jana ulikuwa na uhakika hata zaidi, nimesikia ulipanda juu ya kiti."

"Sikupanda kiti."

"Kwa video ni kama ulipanda."

Jeconia akaomba mashine yoyote yenye nane kweli kweli. Billy akavuta moja kutoka chini ya rundo, akaiunga stima. Askari yule yule, na maelezo yake yote, akasema: Windows 8. Billy akaangalia moja, akaangalia nyingine. Mteja mmoja akasema, "Sasa hiyo iko poa."

"Sawa," Billy akasema. "Nimeamini. Umenisafisha hapa mbele ya Kavoi na hawa wawili. Uliponichafua palikuwa hapa?"

"Hapana."

"Palikuwa wapi?"

"Riruta."

"Na palikuwa na watu wangapi?"

"Darasa zima."

"Basi, shemeji, unajua njia."

Jumamosi mkokoteni ulikuwa umeshaegeshwa mlangoni kwa Waceke, na mwenye mkokoteni amelala juu yake akingoja mzigo. Mashine zilikuwa bado mezani, lakini waya zimeviringishwa. Wanafunzi walikuwepo wote. Hata ambao Jumamosi hawana darasa walikuwepo, maana Yvonne alikuwa amewaambia kuna kitu. Risper alikuja pia, amefunga kitambaa chake kizuri, akasimama nyuma kabisa kando ya ndugu yake. Billy alibeba begi lake begani.

Jeconia alisimama mbele. Akasema habari zenu. Darasa likatazamana. Akasema tena, habari zenu, wakaitikia. Kisha akasimulia, bila kukwepa. Kwamba kompyuta ni kumi, zilikuwa kumi tangu siku ya kwanza. Kwamba Madam alisoma kwa miwani yake akaona ukweli, na yeye akamwambia aache kuamini macho. Kwamba kasoro ilikuwa kwa Askari, na Askari ni wake. Kwamba Billy Oyoo hajapaka kitu chochote rangi, na maneno yale anayarudisha mbele ya wote waliosikia.

"Na anayetaka kunipiga picha nikisema hivyo, anipige," akamalizia. "Yvonne, ya leo utume pia."

"Imeshaenda, Fundi," Yvonne akasema.

Akamweka Askari mpya kwenye mashine ya kwanza. Windows 10. Ya pili, ya tatu, mpaka ya dirishani. Kumi, kumi, kumi. Waceke alikuwa anamfuata nyuma akisoma kila kioo kwa sauti, kama mtu anayepokea ng'ombe wake waliopotea. Alipofika mwisho akavua miwani. "Fundi, hii chuki ndogo niliyokuwa nayo kwa kijana wa watu sasa nitaipeleka wapi?"

"Nipe mimi, Madam."

"Wewe una yako tayari."

Darasa likacheka. Waceke akamwendea Billy, akampa mkono, akamwambia wenye ploti atawapigia mmoja mmoja leo hii. Nje, mwenye mkokoteni alikuwa ameamka na kuuliza kama hakuna mzigo, na Waceke akamwambia asubiri chai.

Ilikuwa iishie hapo. Lakini Billy akashusha begi lake, akatoa laptop yake mwenyewe, ile anayofanyia kazi, akaiweka mezani mbele ya Jeconia.

"Kabla hatujaenda. Jaribu na hii."

Jeconia akamfungua Askari. Wanafunzi wakasogea. Herufi nyekundu zikatokea: Windows 10.

Billy akatazama darini. "Hii yangu ni kumi na moja," akasema polepole. "Niliiweka mwenyewe."

Kila mtu aliona. Kioo kinasema kumi, mtu anasema kumi na moja. Ilikuwa vile vile kabisa kama siku ile, mezani pale pale, mbele ya macho yale yale, na Yvonne alikuwa ameshainua simu. Kule nyuma Risper aliziba uso kwa kitambaa akaacha jicho moja.

Jeconia akaangalia kioo. Akamwangalia Askari wake, mtoto wake wa pili. Mdomo ulifunguka, na wote waliomjua waliona swali limeshafika mpaka kwenye meno. Akaufunga. Akameza.

"Shemeji, hii mashine ni yako," akasema.

"Ni yangu."

"Na unasema ni kumi na moja."

"Ni kumi na moja."

"Basi ni kumi na moja." Akamfunga Askari, herufi nyekundu zikapotea. "Huyu ndiye nitamhoji. Nitaenda nisome, nijue amepungukiwa nini."

Alikuja kusoma, na akakuta kumi na moja kwa ndani bado inajiita kumi, mpaka uangalie ile namba ndefu ya toleo inayofuata nyuma. Lakini hayo aliyajua Jumatatu. Jumamosi ile hakuyajua, na Billy alijua kwamba hayajui na bado ameliamini neno lake. Ndiyo maana kile kicheko chake kikaanza, kwa kukohoa, kikaendelea mpaka akashika meza, na darasa zima likamfuata, na Waceke, na mwenye mkokoteni aliyekuwa amechungulia mlangoni na kikombe chake bila kujua wanacheka nini.

"Twende," Billy akasema, akijifuta macho, akamtwika Jeconia lile begi. "Dada yangu, leo unapika nini?"

"Kuku," Risper akasema. "Lakini Baba Adhis nitampakulia shingo tu."